Uvimbe Ambao Haukumuua Valence

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum, na kwa wazee wote mlioketi, shikamooni.

Ndugu Katekista, ndugu Mwenyekiti wa Jumuiya, majirani na jamaa mliofika hapa Matogoro leo Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025, najua kwamba mtoto mchanga hasomewi historia, huombewa, huzikwa, watu hunawa mikono wakala, lakini jana Mwenyekiti alipomuuliza baba kama familia ina neno, baba alininyooshea kidole akasema, aandike huyu, ndiye aliyekuwa naye, na Mwenyekiti akakubali, hivyo nimeandika. Anayewasomea ni baba mdogo Joachim, kwa sababu mimi nikianza kulia sitamaliza, na jana jioni alipoisoma peke yake nyuma ya nyumba aliniuliza, Pamela, una hakika na haya, nikamjibu, ninayo, akasema, basi nitasoma kama ulivyoandika. Akifika mahali akanyamaza, naomba mumsubiri, ataendelea.

Marehemu Valence Pankrasi Luambano alizaliwa Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa nne asubuhi, hospitali, hapa mjini Songea, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Pankrasi Luambano, fundi seremala ambaye wengi wenu mmekalia viti vyake, na marehemu Rosemary Ndunguru, na kati yangu mimi wa kwanza na yeye walipita wengine wawili ambao hawakukaa, kwa hiyo alikuwa mtoto aliyengojewa kwa miaka mingi. Hakuja kwa kichwa, alitanguliza matako, kichwa kikachelewa, na mkunga alituambia baadaye kwamba ilibidi avutwe na kwamba shingo ilivutika pia, neno ambalo naomba mlishike kwa sababu litarudi. Mama alimnyonyesha mara moja, akamwangalia masikio, akasema, haya ni ya Pamela, afadhali hakuchukua pua yake, na nadhani huo ndio utani wa mwisho alioufanya duniani, kwa kuwa damu haikukatika, akafariki siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, nasi tukarudi nyumbani na mtoto mikononi na maiti kwenye gari.

Mama alizikwa tarehe 10 Machi, kaburi lake ni hilo mnaloliona lenye udongo ambao haujakaa sawa, na baada ya mazishi shangazi Adela, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa amekuja kutoka Madaba kuzika, hakurudi kwake, alibaki kuishika nyumba, kwa hilo baba alimshukuru na mimi nilimshukuru. Kwa kuwa shangazi ana maumivu ya miguu na hawezi kubeba, ilikubaliwa kikaoni kwamba mimi niliyekuwa kidato cha tatu nisimame shule nimlee marehemu mpaka aanze kutembea, halafu nirudi, na mimi nilikubali, sikulazimishwa. Marehemu alibatizwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, akamlilia Katekista mpaka watu wakacheka.

Kuhusu elimu, marehemu hakusoma, lakini alikuwa amejifunza mambo, alijua sauti ya randa ya baba, ilipoanza asubuhi aliacha kulia akasikiliza, alijua harufu yangu na ya jirani yetu Mama Zulfa, na katikati ya Aprili alijifunza kucheka, kwanza kwa ukuta, halafu kwa taa, halafu kwangu.

Kuhusu ndoa, marehemu alichumbiwa akaachika siku hiyo hiyo. Mama Zulfa huyo, mtu wa Tunduru, ambaye mumewe anauza korosho sokoni, alikuja kutoa pole siku ya pili ya msiba wa mama, akiwa na Zulfa wake mgongoni, akamwangalia marehemu akasema, huyu ndiye mkwe wangu, na mahari nitadai gunia la korosho, zilizobanguliwa, mbichi sipokei, akaambiwa kwamba mkwe wako ana njaa na maziwa ya kopo anayatapika, akakaa chini, akajifunika mtandio, akamnyonyesha, na alipomaliza akasema, basi tena, uchumba umevunjika, walionyonya ziwa moja kwetu hawaoani, sasa ni kaka yake Zulfa, na wote tuliokuwa jikoni tulicheka kwa mara ya kwanza tangu mama afe. Tangu siku hiyo alimnyonyesha kila siku, Zulfa kulia na marehemu kushoto. Marehemu hakuacha mjane wala watoto. Kuhusu kazi, kazi yake yote ilikuwa shingo, kwa hiyo nitaieleza ndani ya ugonjwa.

Alhamisi tarehe 27 Machi, nikimwogesha, vidole vyangu vilikuta kitu kigumu upande wa kulia wa shingo, chini ya sikio kushuka kifuani, kama korosho ambayo haijabanguliwa imefichwa chini ya ngozi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote alilala akiangalia kushoto, na kwa nini ukimwita kwa upande wa kulia alizungusha macho tu, uso haufuati. Nilimwita shangazi, akabonyeza, akasema, jipu hilo, acha likomae tulitumbue, lakini Mama Zulfa alisema jipu la siku zote hizo lingekuwa na moto, na hili ni baridi, twende kwa daktari, na Jumanne tarehe 1 Aprili tulikwenda.

Alitupokea daktari wa watoto, Dokta Sharifa, bado kijana, ambaye kabla ya kumgusa marehemu alifumbata mikono kwapani ipate joto, akamwambia, bwana mkubwa, mbona unanipa kisogo, tunadaiana nini, halafu akamshika shingo polepole kwa vidole viwili huku akiniuliza maswali, uvimbe ulionekana siku ile ile aliyozaliwa au baadaye, alitanguliza nini, alivutwa, ananyonya vizuri, amewahi kuchemka mwili. Nilijibu yote. Alisema jipu lingekuwa na moto na mtoto angelia likiguswa, akaligusa, marehemu akapiga miayo. Alisema kuna uvimbe mwingine wa shingo ambao watoto huzaliwa nao, ni mfuko wa maji, huo ukiumulika huwaka wote kama chimni ya taa, akafunga pazia, akamulika kwa tochi, na sote watatu tuliona kwamba haukuwaka, mwanga uligota. Alisema kuna mwingine unaokaa katikati ya koo na hupanda na kushuka mtoto akimeza, akampa Mama Zulfa amnyonyeshe, marehemu akameza, uvimbe ukakaa pale pale. Halafu alitupeleka kwenye utrasaundi, akanionyesha kwenye kioo cha mashine, akasema, angalia, huu ni msuli wa shingo, huu wa kushoto ni mwembamba, na huu wa kulia umenenepa katikati kama kamba yenye fundo, hakuna usaha, hakuna maji, hakuna kitu chochote cha kutoka humu, ni nyama yake mwenyewe iliyoumia siku ya kuzaliwa na sasa inajitengeneza.

Nilimuuliza kama utamuua. Alinishika bega akasema, mdogo wangu, uvimbe huu hauui mtu, mara nyingi huisha wenyewe kabla mtoto hajamaliza mwaka, hataki kisu, hataki sindano, hataki dawa, anataka kunyooshwa. Akanifundisha, nimlaze chali, mkono mmoja ushike bega la kulia lisinyanyuke, mwingine ugeuze kidevu polepole kwenda kulia, ukihisi msuli unakataa unasimama hapo hapo, usilazimishe, unamwimbia, unaachia, halafu unalaza sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto, vivyo hivyo, kila unapobadilisha nepi, na vitu vyote anavyovipenda uviweke kulia, sauti yako, taa, randa ya baba. Akasema tutalia kidogo mwanzoni, bwana mkubwa na dada yake, halafu tutazoea, turudi tarehe 13 Mei aone tulipofika.

Hatukuandikiwa dawa, hata Panadol, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwetu mtu akirudi hospitali mikono mitupu huonekana hakutibiwa. Shangazi alinipokea mlangoni akauliza, dawa iko wapi, nikasema hakuna, akauliza, sindano, nikasema hakuna, akasema, kwa hiyo mlikwenda hospitali au mlikwenda kutembea, na nilipomwonyesha mazoezi alipiga makofi akasema, jamani, njooni mumsikie huyu, ameambiwa na daktari kwamba mtoto anatibiwa kwa kupindwa shingo kama jogoo wa Krismasi.

Hata hivyo nilifanya. Wiki ya kwanza marehemu alilia kila mara na mimi nililia naye, kama tulivyoambiwa, wiki ya pili alilia kidogo, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 14 Aprili nilikuwa nimemlaza kitandani, mkono begani, mkono kidevuni, anapiga kelele kwa kuwa alikuwa na njaa, shangazi akaingia bila kubisha hodi, akapaza sauti ambayo wengi mnaokaa barabara hii mliisikia, akisema, we mtoto we, kumbe ndivyo unavyomfanyia, unamnyonga mwana wa kaka yangu, shule ndiyo inakutuma, unataka afe ukavae sketi yako, na akaninyang'anya, akatoka naye uani akimwonyesha kila aliyepita, oneni shingo ilivyokaa upande, huyu ndiye anayeipinda. Nilisema ilikuwa hivyo tangu kabla, nikasema daktari ndiye aliyenifundisha, lakini mtu mwenye mtoto analia mkononi husikilizwa kuliko mtu mwenye maelezo.

Kuanzia siku ile nilikatazwa kumnyoosha, na nilimnyoosha kwa kujificha, nikisingizia kumwogesha, nikisingizia kwenda naye chooni, na Mama Zulfa alinipa chumba chake. Halafu shangazi aligundua ugonjwa mwingine. Alisema marehemu alinyonya mara moja tu kwa mama yake, kwa mtu anayekufa, na maziwa yale hayakushuka, yaliganda pale shingoni, na kila anaponyonya kwa mwanamke mwingine maziwa ya huyu na ya yule yanagombana, ndiyo maana uvimbe hauishi, nao hautaisha mpaka maziwa ya mama yake yatolewe. Wa kwanza kuadhibiwa alikuwa Mama Zulfa, aliambiwa mlangoni, mbele ya watu, rudi na ziwa lako, tumeshapata msiba mmoja, naye alisema tu, haya dada, akaondoka, na jioni marehemu akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, tumbo likamchafuka siku tatu, mpaka nikawa nampeleka kwa Mama Zulfa kwa siri anyonye.

Baba, haya yanayofuata unayajua, nayaandika kwa ajili ya wengine. Nilikufuata karakana Jumamosi tarehe 3 Mei nikiwa na marehemu, nikakuomba simu, nikawasha tochi yake, nikamulika shavu lake likawaka wekundu, nikamulika uvimbe, haukuwaka, nikakwambia, baba, ingekuwa kuna maziwa au maji au usaha kile kipimo kingeona, daktari alisema hakuna cha kutoka humu, ukainama ukaangalia, ukasema, nimeona. Kesho yake Jumapili baada ya misa ulisimama mlangoni, upande wa kulia wa kitanda, ukapiga mluzi, na marehemu akageuza kidevu, kikapita katikati, kikaja kulia mpaka akakuona, kwa mara ya kwanza, ukacheka ukasema, kumbe fundi, na uvimbe wenyewe siku hiyo ulikuwa umelainika, umepungua, ulikuwa kama punje ya karanga. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Lakini ulipomweleza shangazi alikujibu kwamba yeye ndiye aliyekulea baada ya bibi kufa, kwamba hajawahi kukupotosha, na kwamba kama unamwamini mtoto wa sekondari kuliko dada yako arudi Madaba leo hii na usimwite tena kwenye msiba, ukatoka uani.

Mzee Egidi, mganga aliyeitwa na shangazi, alifika kwa basi la Madaba Jumamosi tarehe 10 Mei asubuhi. Sitamsema vibaya, ni mzee anayeheshimiwa, amechanja watu tangu kabla baba hajazaliwa, na wengi mlioketi hapa mnazo alama zake, za kilimi, za kifua, za utosi, na mko hai, ndiyo sababu baba aliamini. Mimi niliambiwa kuna mgeni, niende mashineni nikasage mahindi, nikasema nitakwenda na mtoto, shangazi akasema, muache apumzike, humwachi hata akilala, utafikiri umemzaa wewe, nikamwacha amelala, nikamwekea uso kulia, nikaenda.

Yaliyotokea nilipokuwa mashineni nilielezwa na baba mwenyewe, usiku ule tukitoka hospitali. Shangazi alimpakata, baba alishika miguu. Wembe ulikuwa mpya, ulitolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho yao, hilo nalisema ili nisimwonee mtu. Mzee alichanja mara ya kwanza juu ya uvimbe, ikatoka damu kidogo, akaangalia, akasema maziwa yako chini, akachanja mara ya pili, akaminya kwa vidole gumba viwili, hayakutoka, akasema yameganda, ni ya siku nyingi, akaingiza wembe ndani zaidi, akaukata ule msuli, akiwa anatafuta maziwa ambayo hayakuwemo. Damu ikaja nyingi. Baba aliniambia alisema, mzee, basi, na mzee akajibu, hiyo ndiyo chafu yenyewe, iache itoke. Walimpaka majivu na mizizi iliyosagwa, wakamfunga kitambaa, wakambana na khanga mbili za mama, na marehemu aliacha kulia, wakafurahi, wakasema amepata nafuu.

Nilirudi na unga kichwani. Shangazi alinipokea akasema, mgeni ana njaa, mtoto amelala, usimwamshe, na mimi nikaingia jikoni nikasonga ugali kwa unga ule, nikampelekea Mzee Egidi maji, nikammiminia, akanawa, na nilipoona maji ya beseni yamekuwa mekundu nilidhani amechinja kuku, nikaangalia sufuria, ndani kulikuwa na maharage. Nikaenda chumbani. Marehemu alikuwa mweupe mdomo, khanga ya juu ilikuwa kavu na ya chini ilikuwa imelowa yote, mpaka godoro, na nilipompitishia mkono chini ya kichwa kumnyanyua, kichwa kiliniangukia kulia, chenyewe, mpaka kidevu kikagusa bega, bila kukataa hata kidogo, upande ule ule tulioutafuta kwa mwezi mzima kwa nyimbo.

Nilitoka naye mbio, baba akanifuata, tukapanda bajaji, shangazi naye akapanda. Marehemu alifariki njiani mikononi mwangu, jua likiwa bado halijazama, kama mama. Hospitali waliingia baba na shangazi, mimi nikaachwa nje kwenye benchi, Dokta Sharifa hakuwa zamu, na aliyekuwepo alipouliza kilichomkata mtoto shingo aliambiwa ameangukiwa na bati. Hilo pia nimeambiwa na baba.

Huo ndio ugonjwa wa marehemu na kifo chake. Ameishi wiki tisa. Hakufa kwa uvimbe.

Nimeandika kwa sababu tangu Jumamosi, upande wa akina mama, inasemwa kwamba Pamela alimvunja kaka yake shingo ili arudi shule, kigoda changu kimesogezwa mbali na jiko nisiguse chakula cha watu, na jana mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nilipompita. Shangazi alimwosha marehemu akamfunga skafu nyeupe ya sufu shingoni, nzuri, aliyoifuma mwenyewe, akasema asipate baridi, na kila aliyeingia kumwona ameona uso tu, akaona na mimi nimekaa pembeni, akamaliza mwenyewe hesabu kichwani. Kesho mtakuwa mmekwenda majumbani kwenu, chini ya udongo hakuna atakayetazama shingo, na mimi nitabaki na jina hilo nikiwa hai. Siombi mtu apigwe, na naomba kwa jina la marehemu mtu asipigwe, mkono usinyanyuke juu ya mzee wala juu ya shangazi. Naomba mtazame tu.

Familia inatoa shukrani zake. Kwanza kwa Dokta Sharifa, aliyeujua ugonjwa kwa mikono, kwa tochi na kwa kipimo, na akasema kweli, ambaye mpaka sasa hajui lililotokea, kesho tarehe 13 ndiyo siku yetu ya kurudi kliniki, atatusubiri, nami nitakwenda peke yangu kumwambia, na la bati nitamwambia pia, asije akadhani tulipuuza. Kwa Mama Zulfa, aliyefukuzwa na akarudi, ambaye amekaa huko nyuma karibu na ua kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha mbele, na ambaye ziwa la kushoto bado linamjaa kila saa ya marehemu kunyonya na anakwenda kulikamua nyuma ya mabanda. Kwa mafundi wenzake baba, waliochonga sanduku hili Jumapili bila kumwomba baba achukue vipimo. Kwa Katekista, Mwenyekiti na Jumuiya yote kwa sala, maturubai na sufuria. Kwa vijana waliochimba kaburi karibu na mama, kama nilivyoomba. Kwa shangazi Adela, aliyeacha nyumba yake Madaba akaja kutushika, na ambaye najua kwa hakika kwamba alimtakia marehemu uzima, alilia Jumamosi kuliko mtu yeyote, na ndicho kitu ninachoshindwa kukisamehe. Kwa Mzee Egidi, aliyesafiri kutoka Madaba akafika akiwa mzima, akala, akalala kwetu, na yuko nasi hapa, kiti cha tatu kutoka kwa baba. Kwa baba, aliyesema aandike huyu. Na kwa baba mdogo Joachim, kama amefika mstari huu.

Mwenyekiti atawaalika sasa kutoa heshima za mwisho, mpite kwa mstari, wanaume kwanza kisha akina mama. Alfajiri ya leo kabla sanduku halijaletwa hapa nilimfungua skafu, ninayo mimi, nimeikunja, ni safi isipokuwa mahali pamoja. Nimemlaza kama alivyozoea kulala maisha yake yote, uso kushoto, ili upande wa kulia uonekane, na naomba kila mmoja asimame hapo, kidogo tu, kama mtu anayesoma. Mkishapita wote, na shangazi awe wa mwisho, nitamgeuza mwenyewe aangalie kulia, upande aliolala mama, hakuna tena kinachomzuia, na hivyo ndivyo atakavyofunikwa.

Valence, kaka yangu, kazi umeimaliza. Pumzika kwa amani.